Tani 3,000 za Gazi

Mjomba wangu hajawahi kufika Australia, ila Australia ilimfikia yeye. Kwa miaka kumi hivi, ukishuka feri pale Likoni na kupanda matatu ya Ukunda, lazima ungepishana na malori marefu yakitoka upande wa Maumba na Nguluku, yamebeba mchanga mzito wa madini: ilmenaiti, rutaili, zirkoni. Mchanga ule ulikuwa ukipelekwa bandarini Likoni, unapakiwa melini, unaenda kuwa rangi nyeupe ya kuta na vigae vya bafu za watu wa mbali. Base Titanium, waliokuwa wakichimba, walikuwa tawi la Base Resources, kampuni ya Perth, Australia Magharibi. Mjomba akija Ukunda na nazi zake alikuwa akiyahesabu malori kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani.

Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014. Mwaka huo nilikuwa nimefunga chuo, niko nyumbani Msambweni sina la kufanya, na mjomba akaniuliza swali ambalo mimi na diploma yangu hatukuwa na jibu lake: "Hawa Waaustralia, kwao hawana mchanga?"

Nikamwambia wanao, tena mwingi kutuliko.

"Basi kwao kuna nini?"

Nikaingia kwenye simu kutafuta kwao kuna nini. Nikakuta nchi nzima inagombania hewa.

Tuanze 2007. Mwaka huo Kevin Rudd wa chama cha Labor alishinda uchaguzi kwa ahadi, miongoni mwa nyingine, kwamba Australia itaacha kujifanya haioni mabadiliko ya tabianchi. Desemba hiyo hiyo akatia saini ya kuridhia Mkataba wa Kyoto. Kisha akaleta mpango wa kuwatoza wachafuzi wa hewa, wenye lengo la kupunguza gesi joto kati ya asilimia 5 na 25 kufikia 2020, ukilinganisha na mwaka 2000. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Chama cha Greens kikasema lengo ni dogo mno, ni mzaha. Upinzani ukasema ni kubwa mno, litaua kazi za watu migodini. Desemba 2009, waliotaka zaidi na wasiotaka kabisa wakajikuta wamepiga kura upande mmoja katika Seneti, na mpango ukaanguka. Siku moja kabla ya hapo, kiongozi wa upinzani Malcolm Turnbull, aliyekuwa tayari kuuunga mkono, alikuwa ameng'olewa na wenzake kwa kura 42 kwa 41. Kura moja! Aliyechukua kiti chake ni Tony Abbott, mtu aliyeijenga siasa yake yote iliyofuata juu ya neno moja: kodi.

Rudd naye hakudumu. Juni 2010 chama chake kikamwondoa, akaingia Julia Gillard. Gillard alienda kwenye uchaguzi akisema serikali yake haitaleta kodi ya kaboni, halafu kwa sababu ya hesabu za bunge lisilo na chama chenye wingi, akaleta bei ya kaboni: dola 23 za Australia kwa kila tani, kuanzia tarehe 1 Julai 2012. Neno lake la kwanza likawa kamba ya kumnyongea. Abbott akashinda Septemba 2013, na tarehe 17 Julai 2014 bunge likaifuta sheria ile. Australia ikawa nchi iliyoweka bei ya kaboni nchi nzima na kuifuta baada ya miaka miwili. Badala ya kuwatoza wachafuzi, serikali mpya ikatenga fedha za umma kuwalipa wale watakaopunguza uchafuzi. Yaani aliyekuwa akilipa faini sasa anapewa zawadi. Mwanasiasa wa huku angeelewa haraka sana.

Nilipomweleza mjomba, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bei ya hewa? Kama ile ya Gazi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa Gazi.

Gazi iko kilomita chache kaskazini ya Msambweni, kijiji cha wavuvi kwenye ghuba iliyozungukwa na mikoko. Wengi wenu mkienda Diani mnaishia Ukunda, hamfiki. Waliosoma historia wanaijua kama makao ya Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Nyumba yake ipo hadi leo. Lakini historia ya Gazi ninayoitaka mimi iko matopeni.

Mikoko ya pwani hii ina majina yake, na kila jina lina kazi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa. Mchu, unaostahimili chumvi kuliko wote. Mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Na ukishakatwa, mti haupimwi kwa futi, unapimwa kwa jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtu alikuwa anasema anataka korija ya boriti na kila mtu anajua unene na urefu. Boriti za pwani hii zilijenga nyumba za Mombasa, Lamu na Unguja, na zilipanda majahazi kwenda Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za mawe, kama umewahi kujiuliza kwa nini ni vyembamba hivyo, ni urefu wa boriti moja. Babu yake mjomba alikata. Baba yake alikata. Mjomba mwenyewe alikata akiwa kijana, na bado ana kovu la shoka kwenye muundi.

Serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932. Kukata kukawa kwa leseni, na mwenye leseni mara nyingi hakuwa mwenye kijiji. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilifyekwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya matofali na chokaa. Sehemu nyingine zikabaki uwanda mtupu wa mchanga na chumvi, hata kaa hakai. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Mjomba anakumbuka marufuku ile kama wengine wanavyokumbuka jaribio la mapinduzi la mwaka huo huo, tena kwa hasira zaidi. "Wa viwandani walikata msitu," huwa anasema, "wa kufungiwa nikawa mimi."

Nataka msomaji aishike sentensi hiyo, kwa sababu tutakutana nayo tena, kwa Kiingereza na kwenye mikutano yenye viyoyozi.

Mwaka 1991 watafiti walianza kupanda mikoko upya pale Gazi, kwenye zile sehemu zilizobaki uchi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina kituo chake kijijini, na jina la mwanasayansi James Kairo limefungamana na kazi ile. Wanakijiji walipanda pamoja nao. Miche mingine ilisombwa na maji, mingine ikashika. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na miti ile imewazidi kimo mara kadhaa.

Kisha sayansi ikaleta habari mpya. Ikaonekana kwamba mikoko inafunika na kuhifadhi kaboni nyingi kwa eneo dogo, na sehemu kubwa haiko kwenye mti, iko kwenye tope. Jani likianguka kwenye tope lisilo na hewa halioi upesi, linazikwa, na kaboni yake inakaa humo miaka na mikaka. Ukifyeka mkoko, tope linafunguka na ile kaboni inatoka. Kwa hiyo mti uliosimama una thamani kwa mtu aliye mbali ambaye hajui hata Gazi iko wapi.

Hapo ndipo ukazaliwa Mikoko Pamoja, Oktoba 2013. Vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vikaingia mkataba na Huduma ya Misitu ya Kenya wa kusimamia pamoja hekta 117 za mikoko. Wanalinda, wanapanda, na wamepanda mivinje pembeni ili anayetaka nguzo asiende msituni. Mradi unahesabiwa kuokoa takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, unathibitishwa na shirika la Plan Vivo, na tani zinauzwa kupitia shirika la hisani la Scotland kwa watu na taasisi wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Mkataba ni wa miaka 20, hadi 2033. Miaka ya mwanzo fedha zilizofika kijijini zilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Zikaenda kwenye maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule, na mkutano wa kijiji ndio uliokuwa ukiamua. Mwaka 2017 mradi ulishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu, huko mpakani, nao wakafuata na msitu wao mkubwa zaidi.

Mtaani utani ulikuwa mmoja: Wagazi wanauza hewa. Lakini piga hesabu. Mwezi huo huo wa Julai 2014 bunge la Canberra lilipofuta bei ya dola 23 kwa tani, kijiji cha Kwale kilikuwa kimeshaanza kuuza tani. Kwa bei ya Canberra, tani 3,000 zingekuwa dola 69,000 za Australia kila mwaka. Gazi ilikuwa inapata sehemu ndogo tu ya hiyo, na ikachimba maji nayo. Nchi tajiri iliyoshindwa kukubaliana juu ya bei, na kijiji cha wavuvi kilichokubali bei ndogo kikaendelea na kazi.

Ila tusijidanganye kwamba Nairobi ilikuwa imetulia. Sisi nasi tulikuwa na ugomvi wetu, tena wa kimyakimya, ambao hauna drama ya kura moja.

Sheria ya kwanza ya tabianchi ya Kenya ililetwa na mbunge wa kawaida, si serikali: Wilbur Ottichilo wa Emuhaya. Bunge likaupitisha mswada. Mwanzoni mwa 2013, siku zake za mwisho Ikulu, Rais Kibaki akakataa kutia saini. Sababu iliyotolewa ni kwamba umma haukushirikishwa vya kutosha. Katiba ya 2010 ilikuwa bado mbichi, na neno "ushirikishwaji wa umma" lilikuwa halijawa bado lile neno tunalolisikia sasa kila tukiitwa ukumbini kunywa soda. Mswada ukarudi mwanzo.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Mei 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, namba 11 ya 2016. Siku hiyo hiyo alitia saini pia Sheria ya Madini, namba 12 ya 2016. Zimefuatana kama pacha. Sijaona mtu wa Kwale akilizungumzia hili, na naona ajabu, maana kwetu sheria hizo mbili ni malori mawili yanayopishana kwenye barabara moja. Ile ya madini ilisema mrabaha ugawanywe: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii inayochimbiwa 10. Ile ya tabianchi ilianzisha Baraza linaloongozwa na Rais mwenyewe, ikaitaka kila wizara iwe na mpango, lakini juu ya nani anamiliki kaboni ya mkoko wa Gazi, haikusema lolote.

Na lengo lenyewe? Julai 2015, kabla ya mkutano wa Paris, Kenya ilikuwa imepeleka ahadi yake: itapunguza gesi joto kwa asilimia 30 kufikia 2030. Inasikika kubwa kuliko ya Australia, ambao mwaka huo huo waliahidi asilimia 26 hadi 28. Subiri. Australia ilikuwa inapunguza kutoka kiwango halisi cha mwaka 2005. Kenya ilikuwa inapunguza kutoka kiwango ambacho hakijafikiwa, tani milioni 143 ambazo zingetolewa mwaka 2030 kama mambo yangeendelea bila hatua. Ni kama mimi kukuahidi kwamba sitakula sahani tatu za pilau ninazotarajia kula siku ya harusi yako. Halafu kulikuwa na sharti: tutafanya hivyo kama tutasaidiwa kwa fedha na teknolojia. Desemba 2020 ahadi ikapandishwa hadi asilimia 32, gharama ikatajwa kuwa dola bilioni 62, na humo Kenya ikasema yenyewe itabeba asilimia 13. Zilizobaki ni za wenzetu.

Wapo wanaoliita jambo hili ujanja. Mimi siliiti hivyo, angalau si lote. Kenya inatoa sehemu ndogo sana ya gesi joto ya dunia. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Uchafuzi wetu mwingi unatoka kwa ng'ombe na miti iliyokatwa, haumo kwenye minara ya moshi. Kumwambia mfugaji wa Kinango apunguze gesi kwa ajili ya dunia, yeye ambaye mvua zake tano mfululizo zilikosa kuanzia mwisho wa 2020 na mizoga ikajaa kando ya barabara, inahitaji uso mkavu. Hiyo ndiyo sentensi ya mjomba. Wa viwandani wamekata msitu, wa kufungiwa ni mimi. Wajumbe wetu huisema kila mwaka kwenye mikutano ya dunia, kwa maneno marefu zaidi.

Shida ni kwamba "kama tukisaidiwa" ni mlango unaoweza kupitishiwa mengi. Serikali ile ile iliyoahidi asilimia 30 ndiyo iliyokuwa ikishikilia mpango wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, Lamu, megawati 1,050, katika nchi ambayo haikuwa na kiwanda hata kimoja cha aina hiyo. Kwenye karatasi ya Paris tunapunguza, kwenye karatasi ya Lamu tunaongeza, na karatasi zote mbili zina nembo moja. Waaustralia angalau walikuwa wakipigana bungeni, mbele ya kamera. Scott Morrison, akiwa waziri wa fedha, aliingia bungeni Februari 2017 ameshika bonge la makaa ya mawe mkononi akiwaambia wenzake wasiliogope. Sisi makaa yetu hayakuingia bungeni. Yaliingia kwenye mikataba.

Waliopigana ni watu wa Lamu. Chini ya mwavuli wa Save Lamu, wavuvi na wazee walikwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya kiwanda ikafutwa. Sababu kuu? Umma haukushirikishwa ipasavyo. Sababu ile ile iliyoua mswada wa tabianchi mezani kwa Kibaki ndiyo iliyokuja kuua makaa. Na majaji walisema jambo jingine: kwamba Sheria ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa katika tathmini ya mradi. Sheria ambayo wengi tuliiona ni karatasi ya kuwafurahisha wafadhili ilikuwa imeng'ata. Miezi miwili baadaye, Agosti 2019, Rais alikuwa bandarini Mombasa akiaga meli ya kwanza ya mafuta ghafi ya Turkana. Ndiyo Kenya hiyo.

Australia, kwa upande wake, iliendelea kula mawaziri wakuu. Turnbull alirudi juu, akawa waziri mkuu, na Agosti 2018 akaangushwa tena katikati ya ugomvi wa sera ya nishati na gesi joto. Mtu mmoja, jambo moja, mara mbili. Mwaka 2022 Labor walirudi na Anthony Albanese wakaandika lengo ndani ya sheria: asilimia 43 kufikia 2030. Septemba 2025 wakaongeza jingine la 2035, kati ya asilimia 62 na 70. Na muda wote huo meli za makaa ya mawe na gesi zinaondoka bandarini kwao kwenda Asia, moshi wake ukihesabiwa kwa atakayeyachoma.

Nirudi kwetu, mwaka 2023, kwa sababu mwaka ule ulikuwa na kila kitu.

Julai, Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti misituni, ambayo yeye mwenyewe akiwa naibu wa rais ndiye aliyeitangaza 2018. Tarehe 1 Septemba akatia saini marekebisho ya Sheria ya Tabianchi. Siku tatu baadaye marais na wajumbe kutoka bara zima walikuwa KICC kwa mkutano wa tabianchi wa Afrika, wakati barabarani vijana na mashirika wakiandamana kwamba soko la kaboni ni ruhusa ya kuendelea kuchafua. Ndani ya ukumbi kaboni ilisemwa kuwa utajiri wa Afrika ambao haujachimbwa. Azimio la Nairobi lililotoka pale liliitaka dunia iweke kodi ya kaboni. Kodi ile ile iliyommaliza Gillard! Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya matatu, nikacheka peke yangu mpaka kondakta akanitazama.

Marekebisho yale ndiyo yanayotugusa Kwale. Kwa mara ya kwanza sheria ilisema mradi wa kaboni wa ardhini lazima uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama, na ule usio wa ardhini asilimia 25. Iweke kando ya ile pacha yake. Kwa mchanga unaotoka chini ya shamba la babu yako, jamii asilimia 10. Kwa hewa iliyoko juu yake, 40. Serikali ni ile ile. Mtu anaweza kusema ni maendeleo, tumejifunza. Anaweza pia kusema ni rahisi kuwa mkarimu kwa kitu ambacho bei yake haijulikani vizuri. Mimi nasimama katikati, mguu mmoja topeni.

Kwa sababu hebu fikiria Gazi walikuwa wakifanya nini kabla ya sheria. Mkutano wa kijiji uliamua. Hakukuwa na asilimia ya kupigania kwa sababu mradi wenyewe ulikuwa wa kijiji, ingawa msitu si wao. Katiba inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Gazi wanalinda mali ya serikali kwa mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho. Sheria iliyotungwa kuwalinda watu dhidi ya madalali wakubwa, na madalali wapo kweli, inaweza pia kumwekea mwanakijiji usajili, tathmini na ada za mawakili ambazo tani 3,000 haziwezi kubeba. Upande mwingine, Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaskazini, moja yao ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni, zilianzishwa kinyume cha sheria. Umma haukushirikishwa. Umeshaizoea sentensi hiyo.

Na kuna hesabu nyingine inayonikosesha raha. Asilimia 32 ya tani milioni 143 ni karibu tani milioni 46. Ukitaka kuzifikia kwa njia ya Gazi peke yake, unahitaji Mikoko Pamoja zaidi ya 15,000. Hazipo, na mikoko yetu yote haitoshi. Halafu tani za Gazi zikishauzwa kwa mtu wa Ulaya aliyepanda ndege, zimekuwa zake. Je, Kenya inaweza kuzihesabu pia kwenye ahadi yake? Kanuni za kimataifa zinajaribu kuzuia tani moja isihesabiwe mara mbili, na kanuni za Kenya za masoko ya kaboni za 2024 zimeingia humo humo. Lakini kule kijijini swali limekaa kwa lugha nyepesi zaidi, nimelisikia kwenye baraza: "Tukishauza, sisi tumebaki na nini?" Jibu la haraka ni maji na vitabu. Jibu la pili ni miti yenyewe, inayozuia mawimbi na kulea samaki, hata kama soko la kaboni litakufa kesho. Hilo la pili ndilo ninaloliamini, na ndilo ambalo halina bei.

Desemba 2024 machimbo ya Base Titanium yalifungwa. Madini yaliyokuwa ndani ya leseni yalikuwa yamekwisha. Miezi michache kabla, kampuni mama ya Perth ilikuwa imenunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Malori yakaacha kupita. Ukunda ukasikia, hasa wenye vyumba vya kupangisha na mama wa viazi karai. Watu waliohamishwa Maumba na Nguluku, waliopelekwa mpaka Bwiti, wameshazeesha kizazi huko. Na tayari macho yamehamia Mrima, kilima chenye kaya takatifu na msitu, ambacho chini yake kuna niobiamu na madini adimu yanayotakiwa kwa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Wamarekani wanakitaka, Wachina wanakitaka, na kampuni za Australia nazo zimeonyesha nia. Yaani ili Australia ifikie lengo lake la 2035, huenda ikahitaji kilima cha Kwale. Kenya nayo imepeleka ahadi yake mpya: asilimia 35 kufikia 2035. Sharti la kusaidiwa bado lipo.

Mwezi Desemba nilikwenda nyumbani. Mjomba ameacha kupanda minazi, mgongo haukubali. Tulichukua bodaboda mbili hadi Gazi, tukapita kwenye daraja la mbao la kina mama linalokatiza mikokoni, tukalipa ada yetu kama watalii. Alikuwa akiitazama miti kwa jicho la zamani, nikamsikia akitaja chini chini: pau, pau, boriti, hii nguzo kabisa. Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Akaegemea mkingo wa daraja.

"Wale wa Australia," akasema, "walikubaliana mwishowe?"

Nikamwambia walikuwa wamekubaliana kidogo, lakini Novemba tu hii chama kile cha upinzani kimeitupa tena ahadi ya kufikia sifuri ifikapo 2050. Wameanza upya.

"Tangu lini hao wanabishana?"

"2007, mjomba. Na kabla ya hapo."

Akanyoosha mkono akashika mti ulio karibu, mmoja wa ile iliyopandwa, akajaribu kuuzungusha vidole. Havikufika. "Huu," akasema, "ulikuwa fito."

Tukangoja kidogo maji yapande, kisha tukarudi kutafuta bodaboda.